Emsii (mchanaji) wangu bora anaondoka na anataka masta zake, yaani rekodi mama. Hatukuandikishana. Lebo ndogo za hip-hop zinauawa na nini?

#1 Jiwe la Ziwa
Wakuu, habari za usiku.

Nina lebo ndogo ya hip-hop hapa Mwanza, Igoma. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la mama: kompyuta, maiki moja ya kondensa, spika mbili, na godoro la futi nne nililolisimamisha ukutani ili sauti isirudi. Tulianza 2019. Wasanii watano, mikstepu mbili, na nyimbo nyingi ambazo nikizisikia hadi leo nywele zinanisimama.

Wiki iliyopita emsii wangu mkubwa, kijana niliyemkuta akichana stendi bila biti, watu wamemzunguka, alikuja na flashi mkononi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Kaka, nimepata watu Dar. Naomba masta zangu, na vokali peke yake." Nyimbo 14. Nikamwambia diski imeleta shida. Haina shida yoyote. Ipo kwenye droo, nimeifunga na soksi, na tangu siku hiyo usingizi sipati.

Hatukuandikishana. Nilichonacho ni daftari la kaunta ninaloandika kila shilingi: umeme, nauli, kava, video, chakula cha siku za kurekodi. Kwake peke yake ni 2,340,000. Kilichorudi kwa nyimbo zake, shoo, CD na mitandao vyote pamoja, ni 610,000.

Naomba ushauri kwa mawili. Kwanza, nimpe au nisimpe? Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: kila lebo ndogo ya hip-hop niliyoishuhudia hapa mjini imekufa kabla ya mwaka wa tano, na zote zilikuwa na vijana wenye uwezo mkubwa. Kinachoua hasa ni nini?

#2 Chai Rangi
Naweka kigoda hapa. Wenye uzoefu waje.

#3 Binti Sakina
Mpe, kaka. Mpe zote, kesho asubuhi.

Nimesimamia kundi hapa Arusha miaka sita. Tulikuwa na kijana kama wako, akaomba kazi zake, tukamzungusha miezi miwili. Alichofanya ni kuingia studio nyingine, akarudia mistari yake yote kwenye biti mpya ndani ya wiki moja, na zilitoka kali kuliko zetu kwa sababu alikuwa na hasira. Sisi tukabaki na mafaili ambayo hayana kazi. Kibaya zaidi, habari ilienea Ngarenaro, Kijenge, Sakina kote, kwamba sisi tunakalia kazi za watu. Tangu hapo hakuna emsii wa maana aliyegonga mlango wetu.

Lebo ya andagraundi haina fedha wala redio. Ina jina tu. Jina likichafuka umefunga. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ndilo hilo: lebo hizi zinauawa na roho ya kukalia.

#4 Fundi Mikisi
Nakuheshimu, Binti Sakina, ila hapo unamfundisha mwenzako kuwa mtu wa kutoa tu. Milioni mbili na ushee ni fedha ya mtu. Duka la mama lina mchango humo ndani. Masta usimpe hivi hivi; wale watu wa Dar kama wanamtaka kweli, warudishe gharama kwanza. Mpira uko hivyo: mchezaji akihama, klabu iliyomlea inapata chake.

Kinachoua lebo ni kufanya hisani halafu kuita biashara.

#5 Chai Rangi
Fundi umeshaingiza usajili, sasa hivi watu wa Simba na Yanga watahamia humu.

#6 Wakili Pembeni
Naomba niweke sawa upande wa sheria, maana naona watu wanagombania kitu kisichotajwa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, haimjui mtu anayeitwa mwenye lebo. Inawajua mtunzi, mtumbuizaji (aliyeimba au kuchana), na mtayarishaji wa rekodi. Hapo kwenye mtayarishaji ndipo mtaani tunapojichanganya. Kwetu prodyuza ni aliyegonga biti. Kisheria mtayarishaji wa rekodi ni yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la rekodi kufanyika, hata kama hajui kubonyeza hata kinanda kimoja. Aliyegonga biti yeye ni mtunzi wa muziki.

Kwa hiyo Jiwe, una kitu cha kweli: rekodi. Kijana naye ana kitu cha kweli: maneno yake na utumbuizaji wake. Yeye hawezi kuuza rekodi zile bila wewe, na wewe huwezi kuziuza bila yeye. Haki hazihami kwa "tulielewana". Zinahama kwa maandishi yenye sahihi. Na kwa kuwa hamkusaini popote kwamba atarekodi kwako tu, hakuna kinachomzuia kufanya kile alichofanya yule kijana wa Binti Sakina.

Ile soksi haikulindii chochote.

#7 Jiwe la Ziwa
Wakili, asante. Nimesoma mara tatu. Sikujua kama mimi ndiye mtayarishaji. Miaka yote nilidhani ni yule dogo wa biti.

#8 Mistari Mizito
Mnazunguka tu. Lebo za hip-hop zinakufa kwa sababu milango imefungwa. Redio wanataka nyimbo za kucheza, promota anataka nyimbo za kucheza. Utaandika mikataba mizuri mpaka wino uishe, muziki wenyewe hausikiki. Zamani lebo zilikuwa na fedha. Bongo Records walikuwa wanasaini wasanii, wanalipa kila kitu, kama Marekani kabisa.

#9 Mzee wa Kaseti
Mistari Mizito, mdogo wangu, hapo kwenye Bongo Records umepamba.

Mimi nilikuwa Dar miaka ile. Kwanza Unit, kundi la hip-hop la Dar, waliungana 1993 kutoka makundi matatu, na wakati huo hakuna aliyekuwa na lebo. Baadaye Majani na Bongo Records yake, Master J na MJ, zile zilikuwa studio kwanza. Studio ndiyo iliyokuwa lebo, meneja, shule na kijiwe, vyote ndani ya chumba kimoja. Fedha haikutoka studio. Ilitoka Kariakoo, kwa wasambazaji wa kaseti. Msanii anapeleka masta, msambazaji anasikiliza, anataja kiasi kimoja, anamaliza. Baada ya hapo kaseti ziuzwe elfu moja au elfu hamsini, wewe hupewi hesabu. Ndiyo maana Profesa Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001 mji mzima ulikuwa unaimba, ila ukitaka kujua kaseti ngapi zimeuzwa Mbeya au Kigoma, hakuna wa kukuonyesha karatasi.

Nami nina jibu langu. Lebo za kwetu hazijawahi kutengana na studio. Anayerekodi ndiye anayehifadhi, ndiye anayeuza, ndiye anayegombana. Akichoka yeye, imekufa. Hakuna hata mtu mmoja ndani ya nyumba ambaye kazi yake ni karatasi tu.

Na wewe Jiwe, ule uongo wa diski ufute kabla hujafanya lolote lingine. Mpigie kijana leo.

#10 Kijiti
Shikamoo Mzee. Nami ninaanzisha lebo Tabata mwezi ujao, naomba uendelee kusimulia.

#11 Mzee wa Kaseti
Marahaba. Nitarudi jioni, macho yangu hayataki simu usiku.

#12 Mtu wa Theluji
Salamu kutoka Minnesota. Nimeishi Brooklyn Park miaka kumi na moja, na hapa jirani, Minneapolis, kuna lebo ya hip-hop ya kujitegemea niliyoifuatilia kwa karibu: Rhymesayers. Ilianza 1995, marafiki tu, kaseti za kudurufu. Wakafungua duka lao 1999, Fifth Element, likadumu hadi 2020. Kuanzia 2008 hadi 2019 wakawa na tamasha lao, Soundset.

Nilikuwa naingia duka lile nikitoka kazini. Hata ukiwa huna fedha unaruhusiwa kusimama kwenye spika za kusikilizia. Fulana zilikuwa ukuta mzima, rekodi kwenye masanduku, tiketi za shoo zinauzwa hapo hapo kaunta. Mtu aliyeingia kwa ajili ya santuri moja anatoka na tiketi mbili. Na wasanii wao walikuwa njiani kila mwaka, kwenye gari, mji hadi mji.

Ndiyo maana siamini kwamba redio ndiyo inaua. Hawa nao redio haikuwabeba. Walikuwa na mahali. Lebo bila mahali pa kukutana na msikilizaji ni folda kwenye kompyuta.

#13 Mistari Mizito
Mtu wa Theluji, kule mtu ana dola ishirini ya fulana. Igoma atatoa wapi?

#14 Binti Sakina
Mahali si lazima liwe duka. Tamaduni Muzik, wachanaji wa Dar, walikuwa na Kilinge, jukwaa lao la kuchana, pale Msasani. Watu walikuwa wanatoka Mbagala kwa daladala mbili kwenda kusikiliza mistari. Duke na M Lab walikuwa na studio, wachanaji na mahali pa kukutana. Nikki Mbishi, One, Songa, Stereo, hawa watu waliwajua kwa sura kabla ya kuwajua kwa video. CD zilikuwa zinauzwa mkono kwa mkono, msanii mwenyewe amesimama mlangoni.

Kwa hiyo namuunga mkono wa Theluji, ila sikubali kwamba ni kitu cha Marekani.

#15 Kayole Mashariki
Sasa wakubwa. Mimi niko Nairobi, na huku hadithi ni ile ile, jina tu ndilo tofauti. Kalamashaka walitoka Dandora, wakavuta vijana wengi, ikawa Ukoo Flani Mau Mau. Uwezo ulikuwa wa kutisha. Wale waliokuwa wakifanya muziki wa sherehe wakati ule, Ogopa na Calif, walikuwa na mpangilio wa kibiashara. Kule Dandora kulikuwa na undugu. Undugu unaandika mistari mizuri sana, lakini mapato yakija hamjui nani agawe.

Ningeongeza jambo dogo linaloumiza kuliko yote: kupokea fedha. Sisi tangu 2018 unatoa fedha ya PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Nilipofanya kazi na vijana wa Tanga tuliuza albamu Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki, nakala 50 kwa dola 7. Hiyo ni dola 350. Bandcamp wanachukua asilimia 15, inabaki 297.50, kisha ada ya malipo. Wenzangu wa Tanga akaunti zao zilikuwa za kutuma tu, hazipokei. Ikabidi fedha ije kwangu, mimi nitume kwa simu, kila mpaka unakata chake. Mgeni asiyewajua angesema nimewaibia, na kusema kweli sikuwa na risiti nzuri ya kuwaonyesha.

#16 Mistari Mizito
Jibu ni kuuza ghali kwa wachache. Nipsey Hussle, mchanaji wa Los Angeles, 2013 alikataa mitandao, akachapa nakala 1,000 tu za "Crenshaw", dola 100 kila moja. Ukitaka kusikia, ununue.

#17 Daftari Jeusi
Hapana mkuu. "Crenshaw" ilikuwa bure kupakua mtandaoni. Kilichouzwa dola 100 ni nakala ya mkononi, na Jay-Z akanunua 100. Watu hawakulipia kusikia, walilipia kusimama na Nipsey. Ni kitu tofauti kabisa, na kwa upande wangu ndicho kizuri zaidi.

#18 Mistari Mizito
Nimekubali, nilisikia vibaya. Ila hoja inasimama.

#19 Daftari Jeusi
Inasimama kwa mguu mmoja. Wacha niseme ya mitandao, maana ndiyo kazi yangu, napandisha nyimbo za watu.

Tangu 2024 Spotify hawalipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Chukua lebo ya wasanii watano wenye nyimbo 60. Nyimbo 45 zina watu 300, 400, 700 kila moja. Ukijumlisha ni wasikilizaji wengi, lakini kwa huko ni sifuri. Andagraundi ndivyo ilivyo, wasikilizaji wachache wa nyimbo nyingi. Mfumo huu unapenda kinyume chake. Boomplay na Audiomack ndiko vijana wetu wanakosikilizwa zaidi, na hata huko msambazaji, yaani kampuni inayokupandishia nyimbo mitandaoni, hakutumii chochote mpaka ufikie kiwango chake cha chini cha kutoa.

Jingine: wasambazaji wengi wa mtandaoni ni wa kulipia kwa mwaka. Kadi ikikosa salio, nyimbo zinashushwa. Mwaka juzi nilisahau kulipia akaunti ya kundi moja, wimbo wa marehemu mwenzao ukatoweka siku mbili kabla ya arobaini yake. Mama yake alinipigia kuniuliza mwanangu yuko wapi. Sitasahau.

Jiwe, kabla ya kugawana lolote, chukua namba ya ISRC ya kila wimbo. Ni herufi na tarakimu 12, kila rekodi ina yake. Kijana akihamisha nyimbo kwa msambazaji mwingine akaweka ISRC mpya, hesabu yote ya miaka mitano inaanza upya.

#20 Fundi Mikisi
Hii ya Daftari Jeusi imenigusa. Pole sana.

Jiwe, swali: biti za hizo nyimbo 14 ni za nani? Usijibu "za dogo" haraka haraka. Kaa na orodha.

Nauliza kwa sababu nimeungua hapo. Kijana aliniletea biti aliyoinunua mtandaoni kwa leseni ya kutumiwa na wengi. Tukarekodi vizuri, nikapandisha, nikaweka tiki pale pa kudai mapato ya YouTube kwa kutambua sauti. Biti ile ile wamenunua watu wengine kumi. Mfumo ukaanza kudai video za watu wa Brazili na Ghana kana kwamba wametuibia sisi. Baada ya wiki tukapigwa sisi. Leseni ya namna ile hairuhusu kabisa kuweka ile tiki, na imeandikwa, sikusoma.

#21 Jiwe la Ziwa
Nimekaa na orodha kama ulivyosema Fundi. Tisa ni za dogo wetu hapa Igoma. Tatu ni za mtandaoni, na leseni zake sizioni kwenye barua pepe. Mbili zina kipande cha dansi, nilikikata kwenye santuri ya marehemu baba. Gitaa la dakika ya pili. Nililipunguza kasi, nikalirudia rudia.

#22 Mzee wa Kaseti
Santuri ya bendi gani? Usiitaje hapa, nijibu pembeni. Bendi nyingi zilirekodiwa Redio Tanzania, wanamuziki wakalipwa siku ile wakaenda nyumbani. Leo ukiuliza nani mwenye lile gitaa, unakuta familia, unakuta bendi, unakuta kumbukumbu za redio ya taifa. Ninyi watoto mnakata vipande vya wazee wetu, na mimi napenda sana mnapofanya hivyo, maana mnawafanya wasikike. Ila mpiga gitaa huyo anaweza kuwa bado yuko hai, Ilala au Morogoro. Mtafuteni.

#23 Wakili Pembeni
Na haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Rekodi nayo ina muda wake wa peke yake. Usidhani kwa kuwa ni ya zamani imeshakuwa ya wote.

#24 Kijiti
Wakuu, mimi nauliza la kitoto. Chumba changu Tabata nimeshabandika trei za mayai kuta zote nne. Inatosha?

#25 Fundi Mikisi
Mdogo wangu, ng'oa. Trei ya mayai haizuii sauti kutoka wala kuingia. Inagusagusa sauti za juu tu, besi inapita kama haijaona kitu, na zinashika moto haraka mno. Godoro la Jiwe ni bora mara kumi. Mablanketi mazito, kapeti, kabati lililojaa nguo nyuma ya mchanaji. Na rekodi usiku majenereta yakizimwa.

#26 Chai Rangi
Kijiti, mayai yenyewe ulikula na nani, trei za kuta nne?

#27 Kijiti
Nilipewa na mama wa chipsi jirani. Natoa leo.

#28 Mistari Mizito
Mnaongelea godoro wakati tatizo ni siasa ya muziki. Hip-hop inasema ukweli, ndiyo maana haipewi nafasi.

#29 Mzee wa Kaseti
Sugu aliingia bungeni 2010 kwa Mbeya Mjini, Profesa Jay 2015 kwa Mikumi. Wote hip-hop iliwapeleka. Nafasi ilipatikana, ila ya kura. Ya kuuza rekodi ndiyo haijapatikana, na hizo ni njia mbili.

#30 Mto wa Kati
Niko Kampala. Hakuna aliyetaja Nyege Nyege Tapes. Wana lebo ndogo, wanatoa kaseti na santuri, na mwaka 2017 walitoa mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, hapo hapo Dar. Wazungu wakanunua. Lebo dada yao, Hakuna Kulala, ilitoa albamu ya MC Yallah 2019, na huyo ni mchanaji hasa. Hawakusubiri redio ya Kampala wala ya Dar. Walitafuta msikilizaji aliye mbali anayenunua kaseti, na waandaaji wa matamasha Ulaya.

Kwa hiyo labda kinachoua ni kudhani soko lazima liwe mtaani kwako.

#31 Binti Sakina
Sisi Arusha tuliona hilo mapema. X Plastaz, albamu yao ya 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani, Out Here. Walizunguka Ulaya. Nilijivunia na bado najivunia. Ila nilikuwa binti mdogo, na rafiki zangu wengi hawakuwa na ile CD. Tuliisikia kwa mtu aliyekuwa na mtu. Msikilizaji wa mbali anakulipa, sawa. Wa karibu ndiye anayejua ulichosema kwenye mstari wa tatu. Nikiambiwa nichague, nashindwa.

Na jambo ambalo wanaume humu hamjalitaja. Vijana wangu wanne kati ya saba waliacha wakati watoto wao walipozaliwa. Hakuna aliyegombana na mtu. Mtoto anahitaji maziwa, boda boda inalipa jioni ile ile, mikstepu inalipa labda mwakani. Mimi mwenyewe nilipumzika mwaka mzima nilipojifungua, na niliporudi hakuna aliyekuwa amefungua hata barua pepe. Lebo ilikuwa mimi. Mzee wa Kaseti kasema pale #9 na nilijiona.

#32 Kayole Mashariki
Hiyo ni kweli tupu, dada. Huku pia.

#33 Jiwe la Ziwa
Wakuu, narudi na habari.

Nilimpigia kijana usiku ule ule baada ya neno la Mzee. Nikamwambia diski ni nzima, nilisema uongo kwa sababu niliogopa. Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Nilijua, kaka. Niliiona droo haijafungwa vizuri."

Jumapili alikuja na kaka yake mkubwa. Mama akatupisha benchi la dukani. Nikafungua daftari langu, nikasoma yote, 2,340,000. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa lake, dogo, la mfukoni, limelowa jasho mpaka kurasa zimevimba. Alikuwa ameandika pia. Shoo 11 ambazo hakulipwa. Usiku tuliobeba spika kwa miguu kutoka Buzuruga kwa sababu fedha ya bajaji iliisha. Mabango 200 aliyobandika peke yake kuanzia saa nane usiku. Siku alizoacha kibarua cha kushusha samaki Kirumba ili aje kurekodi, kila siku na kiasi alichokosa. Alikuwa hajajumlisha. Kaka yake akajumlisha pale pale kwenye kikokotoo cha duka: 1,870,000.

Sikuwa na la kusema. Daftari langu halikuwa na ukurasa wa vitu vyake.

Tumekubaliana nakala za kila kitu anapata. Rekodi nusu kwa nusu, jina la lebo linabaki, dogo wa biti anatajwa na anapata sehemu yake ya utunzi. Hatujasaini. Watu wa Dar wanataka zote ziwe zao peke yao, na kijana hajui awaambie nini. Zile mbili za santuri hatujui la kufanya. Mzee amenipa jina la mtu wa kuanzia, Morogoro. Zile tatu za mtandaoni nafikiri tutarudia na biti mpya.

#34 Fundi Mikisi
Nafuta nilichosema #4 kuhusu kurudishiwa gharama kwanza. Si chote, ila nafuta.

#35 Mistari Mizito
Bado nasema, hata mkisaini vizuri, hakuna redio itakayopiga.

#36 Wakili Pembeni
Jiwe, msisaini kwa Dar kabla hamjasaini ninyi wawili. Nitakuandikia karatasi ya mgawanyo ya ukurasa mmoja, kila wimbo mstari wake: nani maneno, nani biti, nani rekodi, ISRC, asilimia, sahihi. Kisha pelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkasajili. Na lile jina la lebo, kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakulindi nembo. Alama ya biashara ni maombi mengine, ofisi ile ile. Nitumie ujumbe pembeni, sitadai chochote.

#37 Kijiti
Wakili, hiyo karatasi naomba na mimi, kabla sijarekodi hata mtu mmoja.

#38 Jiwe la Ziwa
Asanteni nyote. Wakili, nimekutumia. Sasa hivi tunahamisha mafaili, gigabaiti 41, inasema zimebaki dakika 50. Luku ina uniti nne. Kijana amelala. Tumelishusha godoro ukutani.

#39 Fundi Mikisi
Kabla hujachomoa, fungua wimbo mmoja mmoja uhakikishe kila vokali inaanzia sekunde sifuri, hata kama mwanzo ni kimya. La sivyo huko Dar hawatajua inakaa wapi kwenye biti.